Sauti za Ndege wa Maji

Ipo nchi iitwayo Shwari. Anayetaka kuitafuta kwenye ramani asijisumbue, kwa kuwa wachora ramani wake walipumzishwa zamani, na tangu hapo nchi yenyewe hukaa pale inapotaka. Ni nchi njema. Haina gereza hata moja. Magereza yalifutwa mwaka ule Kiranja Mkuu alipokubali kutawala milele, baada ya kubembelezwa sana na yeye mwenyewe, na mahali pake zikajengwa Nyumba za Mapumziko. Katika Shwari hakuna anayekamatwa, hakuna anayefukuzwa kazi, wala hakuna kitabu kinachopigwa marufuku. Watu, vitabu, na mara nyingine hata mito, hupumzishwa tu.

Bi Sikudhani Mbaruku alikuwa mkutubi katika Chuo Kikuu cha Utiifu wa Juu. Alihudumia ghorofa ya sayansi za jamii na humania, yaani historia, sheria, mila, fasihi na mengine yote yahusuyo watu, jambo ambalo katika Shwari si salama sana. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ndogo iliyozoea ukimya. Mkutubi mwenzake aliitwa Zuberi Mtalika, mtu wa mizaha, aliyeweza kukwambia kitabu kilipo akiwa bado anatafuna muhogo.

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana wawili hao walikusanya wahadhiri na wanafunzi katika ukumbi mdogo wa maktaba, wakawaonyesha vyanzo vya kuwafaa katika utafiti wao. Magazeti ya zamani yanapatikana wapi. Hukumu za mahakama husomwaje. Makala za nchi za mbali hufunguliwaje bila kulipa. Wenyewe walikiita kikao hicho Alhamisi ya Vyanzo, na mtu aliyeingia na swali alitoka akijua pa kuanzia.

Basi Alhamisi moja ilikuwa zamu ya Zuberi. Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: VYANZO VYA MIGOGORO YA ARDHI. Alimaanisha vitabu na makala zinazozungumzia jambo hilo. Lakini dirisha lilikuwa wazi, na nje alikuwa akipita raia mmoja mwema anayeipenda nchi yake. Akauona ubao, akaupiga picha, na picha ikafika Wizara ya Utulivu wa Fikra kabla wino haujakauka.

Inasemekana Waziri aliitazama picha ile kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo wanagawana vyanzo vya migogoro?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kila mwanafunzi anaondoka na chake."

"Na wanavitoa wapi?"

"Maktaba, Mheshimiwa. Tunaambiwa viko vingi, vimepangwa kwa alfabeti."

Siku iliyofuata Zuberi aliaga kwamba anakwenda kunywa chai. Miwani yake aliiacha mezani. Bi Sikudhani akamngoja mpaka chai ya mtu yeyote ingekuwa imepoa, imemwagwa, na kikombe kimeoshwa. Wakaja wanaume wawili wenye adabu, wakamwamkia, wakabeba kiti cha Zuberi wakaondoka nacho. Miwani hawakuigusa.

Akaenda kwa Mkutubi Mkuu, Dakta Mkunjuo. Alimkuta amesimama mbele ya rafu zake, anageuza vitabu kimoja kimoja ili migongo ielekee ukutani, asije mgeni akachochewa na anwani.

"Dakta, Zuberi yuko wapi?"

"Ndugu Zuberi amepumzishwa. Alikuwa amechoka."

"Hakuwa amechoka. Asubuhi tulikuwa tunacheka."

Dakta Mkunjuo akageuza kitabu kingine.

"Sasa amechoka," akasema.

Tangu siku hiyo woga ukahamia mwilini mwa Bi Sikudhani, ukakaa kama mpangaji asiyelipa kodi wala asiyetaka kuhama. Nyumbani mumewe, Nasibu, aliyekuwa fundi saa, alianza kufungua redio kwa sauti ya juu kila mkewe alipofumbua mdomo.

"Leo umezungumzia nini huko kazini?" angemuuliza, midomo ikiwa karibu na sikio lake.

"Kamusi."

"Kamusi ya nini?"

"Ya wadudu."

"Wadudu wa hapa nchini?"

"Wa nje."

Hapo ndipo Nasibu alipopunguza redio.

Bi Sikudhani alidhani Alhamisi ya Vyanzo ingepumzishwa pia, na moyoni aliomba iwe hivyo. Lakini Shwari haikosi njia. Waziri wa Utulivu wa Fikra, Mheshimiwa Dakta Profesa Mhandisi Tumbuizo, alikuja chuoni mwenyewe, na msafara wa magari uliojaza bustani, akahutubia.

"Wapo wanaosema serikali yetu inaogopa utafiti," alisema. "Hao tumewatafiti. Serikali inapenda vyanzo. Serikali yenyewe ni chanzo. Ila tunataka vyanzo vyenye manufaa. Na chanzo chenye manufaa ni kile ambacho mtu akishakisoma habaki na swali."

Makofi yalipigwa mpaka Waziri aliporuhusu yakome. Kisha akaagiza Alhamisi ya Vyanzo iendelee, ili wageni kutoka nje waione na wastaajabu, na iongozwe na Bi Sikudhani peke yake. Akamwita mbele akampa mkono. Mkono wa Waziri ulikuwa laini na wa moto kama andazi, nao ulimshika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Alhamisi iliyofuata wanafunzi hawakuja. Wahadhiri wote waliugua mafua kwa pamoja. Mstari wa mbele tu ndio uliokuwa na watu: wanaume watano wenye viatu vyeusi vya aina moja, kila mmoja akijitambulisha kuwa mwanafunzi wa uzamivu. Wa kwanza alitafiti mchango wa tabasamu la Kiranja Mkuu katika mvua za vuli. Wa pili alitafiti hivyohivyo kwa mvua za masika. Wa tatu na wa nne walikuwa hawajapewa mada, walikuwa wanasubiri kutoka ofisini. Wa tano, kijana mrefu mwenye macho ya usingizi, alisema anaitwa Abeli Mndolwa, wa historia.

Bi Sikudhani akawafundisha namna ya kutumia kamusi. Kila aliposema neno lenye herufi kubwa, kalamu tano ziliandika.

Kikao kilipokwisha wanne waliondoka. Abeli akabaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kitu cha kusoma. Cha historia."

Akampa Hotuba za Kiranja Mkuu, juzuu zote, mzigo wa kubebwa kwa makwapa mawili. Alijua hakuna binadamu aliyewahi kuzisoma, hata aliyezihutubia. Ilipofika Alhamisi nyingine kijana akarudi nazo.

"Nimezimaliza," alisema. "Juzuu ya tatu ina kurasa tupu katikati."

"Hizo ni za kutafakari."

"Nimetafakari, mama." Akasita, akatazama mlango. "Mtu akitaka kujua mahali fulani palikuwaje kabla hapajawa palivyo sasa, anaanzia wapi?"

Swali lile Bi Sikudhani alikuwa ameulizwa maisha yake yote ya kazi. Ndilo swali la kila mtafiti mkweli. Ndilo pia swali ambalo mtego wowote mzuri ungeliuliza.

"Anaanzia kwenye ramani," alisema, "na ramani zimepumzishwa. Samahani, mwanangu, tunafunga."

Ilikuwa bado mchana mweupe, na maktaba haikuwa inafunga.

Alitembea kurudi nyumbani bila kuhisi ardhi chini ya miguu. Nasibu alipofungua redio, alimsimulia. Mumewe alisikiliza huku anafuta kioo cha saa kilichokuwa safi.

"Huyo ni wao," alisema Nasibu.

"Najua ni wao."

"Basi kinachokusumbua ni nini?"

Hakuweza kumwambia. Kilichomsumbua ni kwamba katika miaka yake yote kazini hakuwahi kumwacha mtu aondoke na swali lake kama alivyokuja nalo, na kijana yule aliondoka nalo amelikumbatia.

Abeli hakukata tamaa. Alhamisi ile nyingine alingoja wenzake watoke, akasogea kwenye meza na kusema kwa sauti ya chini:

"Bonde la Mikongeni."

Sasa, katika Shwari hakuna Bonde la Mikongeni. Lipo Ziwa la Shukrani, linalotoa umeme wa taa za Ikulu, na vitabu vya shule husema limekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia, isipokuwa tu lilizinduliwa rasmi na Kiranja Mkuu wakati Abeli akiwa bado ananyonya. Kwamba chini ya maji yale palikuwa na mashamba, makaburi na nyumba za watu, hakuna anayesema. Waliotolewa kule wanaishi Makazi Mapya, upande wa pili wa mji, na kwenye vitambulisho vyao mahali pa kuzaliwa pameandikwa "Ziwani".

"Hakuna mahali hapo," alisema Bi Sikudhani.

"Najua. Hata kazini wananiambia hivyo."

Neno lile likaanguka mezani kati yao.

"Kazini," alisema Bi Sikudhani. "Mimi nilidhani wewe ni mwanafunzi."

Abeli akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake.

"Hukudhani hivyo, mama. Tangu siku ya kwanza ulijua." Akavuta pumzi. "Kila Alhamisi naandika taarifa juu yako. Nimeandika kwamba unachosha. Kwamba anayekusikiliza hupata usingizi na hana hatari ya kufikiri."

"Asante," alisema Bi Sikudhani, na alimaanisha.

"Mama yangu anaumwa. Madaktari wametuambia tumrudishe nyumbani. Anatafuta wimbo waliouimba wanawake wa Mikongeni, siku walipotolewa. Anaukumbuka mwanzo tu, halafu unampotea, basi analia. Nimeuliza wazee wa Makazi Mapya, wananiona viatu, wanasema hawajui kuimba."

Mtego mzuri, aliwaza Bi Sikudhani, lazima uwe na mama mgonjwa. Alimtazama usoni akitafuta uongo. Akakuta uso wa mtu asiyelala, na hilo halikumsaidia, maana wapelelezi nao hawalali.

"Sina kitu," alisema. "Pole kwa kuuguza."

"Asante, mama. Nimeshapoa."

Lakini alikuwa nacho. Hilo ndilo lililomnyima chakula jioni ile na jioni zilizofuata. Zamani, kabla ya maji, mtafiti mmoja wa mila alikwenda Mikongeni na kinasa sauti, akawanasa wanawake wakiimba. Mtafiti alikufa, kanda zikaachwa maktaba. Zuberi alizihamishia kwenye kompyuta kwa mikono yake, akaziweka chumba cha chini katika kasha aliloliandika SAUTI ZA NDEGE WA MAJI, akacheka peke yake. Waliojua walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amepumzishwa.

Abeli alipokuja tena hakuuliza kitu. Alikaa mstari wa mbele na wenzake, akaandika alipotakiwa kuandika, akainuka kuondoka pamoja nao. Hilo ndilo lililomshinda Bi Sikudhani. Angeendelea kuuliza, labda angeendelea kukataa.

"Wewe wa historia," alimwita, na sauti yake ikatoka kama ya mtu mwingine. "Una kitabu hujarudisha."

Wanne walitoka. Walikuwa na haraka, siku hiyo Waziri alikuwa anazindua hotuba yake mwenyewe kwenye ukumbi mkubwa na posho zilikuwa zinagawiwa mlangoni.

Asije mtu akasema Bi Sikudhani alikuwa shujaa. Alishuka ngazi za kwenda chumba cha chini akishikilia ukuta. Alishindwa kutia ufunguo kwenye kitasa, mpaka Abeli akampokea akafungua yeye. Alipowasha kompyuta alikuwa tayari amekwishajiona amekaa kwenye Nyumba ya Mapumziko, anaelezwa kwa upole jinsi alivyochoka.

"Vaa hizi," alisema, akampa visikilizio.

Kijana akavivaa. Bi Sikudhani hakuvihitaji, alikuwa anaujua wimbo ule kwa moyo.

*Hodi hodi ya maji, nani kakuelekeza?*
*Mlango hatujafungua, mbona umekwishaingia?*
*Tuachie mafiga tu, tukapikie njiani.*

Mwishoni kila mwimbaji alitaja jina lake. Wa mwisho alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya shamba: *Mimi ni Nambua, mke wa Mndolwa, wa Mikongeni, na huyu anayelia mgongoni ni mjukuu wangu.*

Abeli alikaa vilevile, ameegemeza mikono magotini. Machozi yalimshuka bila yeye kuyafuta, kana kwamba hakujua ni ya kwake. Alivua visikilizio. Alitoa simu yake akaiweka mezani.

"Naomba nimpelekee," alisema.

Hapo Bi Sikudhani angeweza kukataa. Kusikiliza ni jambo moja, kubeba ni jingine. Alifikiria Nasibu na redio yake. Kisha akaunganisha simu ile na kompyuta, akatazama ule mstari mdogo ukijaa polepole kwenye kioo, na hajawahi kuona kitu kinachojaa polepole namna ile.

Alhamisi iliyofuata mstari wa mbele walikuwapo wanne.

Aliwafundisha kuandika marejeo. Hakuuliza wa tano yuko wapi, nao hawakumwambia. Dakta Mkunjuo ndiye aliyemnong'oneza kwenye korido, akiupa mgongo ukuta kama vitabu vyake.

"Yule mwanafunzi wa historia. Alikuwa amechoka."

Mama yake Abeli alikuwa amefariki. Alifariki baada ya kuusikia wimbo wake mpaka mwisho, na akamtambua kila mwimbaji. Kwenye matanga kule Makazi Mapya mtoto wake aliuweka tena, safari hii kwa sauti ya juu, uani, mbele ya watu. Wazee waliosema hawajui kuimba wakaitikia. Vijana wakatoa simu zao. Kabla matanga hayajaanuliwa, wimbo ulikuwa sokoni, stendi, kwa vinyozi, kwenye foleni ya maji. Kuna mtu alisema aliusikia hata jikoni Ikulu, lakini huyo hakusema tena.

Bi Sikudhani alifunga mkoba mdogo: kanga, mswaki, dawa ya presha. Akawa anakwenda nao kazini. Walipomjia alikuwa tayari, wakamshika huku na huku kwa adabu kama bibi harusi.

Mkurugenzi wa Vyanzo, wa Wizara ya Utulivu wa Fikra, alimpokea katika chumba chenye mazulia. Alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Alimwagizia chai na mihogo ya kuchemsha. Pembeni alikaa karani, anaandika kila neno. Mezani palikuwa na simu, na Bi Sikudhani aliitambua.

"Kunywa chai, mama. Mtu akija kwetu tunamkirimu. Kijana Abeli alikuwa chanzo chetu. Chanzo kizuri. Sasa tunatafuta chanzo cha chanzo."

Bi Sikudhani akakirudisha kikombe mezani.

"Ameandika hapa," alisema Mkurugenzi akisoma, "kwamba wewe unachosha. Kila wiki, unachosha. Na mara ya mwisho ameandika ulimpa sauti za ndege wa maji. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa."

"Za ndege."

"Ndivyo kasha lilivyoandikwa, Mheshimiwa."

Mkurugenzi akaibonyeza simu. Wimbo ukajaa chumba chote. Mahali pale, juu ya mazulia yale, wanawake wa Mikongeni walisikika karibu mno, kana kwamba wamesimama nyuma ya pazia. Ulipofika mwisho, yakaja majina, moja baada ya jingine, mpaka Nambua mke wa Mndolwa.

"Mimi nasikia kama..." alianza Mkurugenzi. Akamtazama karani. Karani alikuwa ameinua kalamu, anangoja. Mkurugenzi akakohoa.

Ndipo Bi Sikudhani alipoona jambo ambalo hakulitegemea. Mzee yule naye alikuwa anaogopa. Kijasho kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo.

"Wangekuwa ni watu," alisema Mkurugenzi taratibu, akichagua maneno kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, "wangekuwa wameishi mahali. Na mahali hapo hapapo."

"Hapapo, Mheshimiwa."

"Atakayesema ni watu atakuwa amesema mahali hapo palikuwapo."

"Atakuwa amesema, Mheshimiwa."

"Na huyo siye mimi."

"Wala mimi, Mheshimiwa."

Wote wawili wakamtazama karani. Karani akaitazama karatasi yake.

"Lakini ndege," alisema Mkurugenzi, "wanataja majina yao?"

"Kasuku hutaja, Mheshimiwa."

"Kasuku wa maji?"

"Wapo kwenye vitabu vya nje."

Mkurugenzi akashusha pumzi ndefu. "Ni ndege," alimwambia karani. "Andika. Serikali imechunguza, ni ndege."

Walimrudisha nyumbani kwa gari. Nasibu alimkumbatia mlangoni bila kufungua redio. Bi Sikudhani alikwenda moja kwa moja bafuni akatapika. Alikuwa amewaita ndege, wale wanawake wote, mbele ya karani. Alikuwa amenunua ngozi yake kwa sauti zao. Na alipouliza habari za Abeli, wakati anashuka garini, dereva alimjibu kwamba kijana anapumzika vizuri sana. Hajarudi mpaka leo ninaposimulia.

Amri ilikuja mapema wiki iliyofuata. Kwa kuwa wananchi walikuwa wanapotoshwa kuhusu sauti zinazosikika mitaani, Wizara iliamua kwamba Bi Sikudhani, akiwa mtaalamu wa vyanzo, azitambulishe rasmi Alhamisi hiyo mbele ya umma, ili ijulikane ni ndege na watu watulie. Redio ilitangaza mchana kutwa. Wananchi wote walikaribishwa.

Nao wakaja. Ukumbi mdogo ulijaa, korido ikajaa, ngazi zikajaa. Wanafunzi walirudi. Wahadhiri walipona mafua. Na kutoka Makazi Mapya walikuja wazee, wamevaa nguo za sikukuu, wakinamama na kanga mpya ambazo bado hazijafuliwa, wakakaa kimya kama watu waliokuja kupokea mwili. Mstari wa mbele, wanne wenye viatu walikuwa na kalamu mkononi. Waziri hakuja, alimtuma Dakta Mkunjuo amwakilishe, na Dakta alikaa karibu na mlango wa kutokea.

Bi Sikudhani akasimama. Alikuwa amepewa sentensi ya kusema, na aliisema, kwa ile sauti yake ndogo, akiwa ameshikilia meza kwa mikono miwili.

"Mnazozisikia ni sauti za ndege wa maji."

Akabonyeza. Wimbo ukaanza. Hakuna aliyeuitikia, hakuna aliyelia kwa sauti. Wazee walisikiliza wameinamisha vichwa. Yalipofika majina, bibi mmoja wa mstari wa tatu, mkavu kama ukuni, alinyanyuka polepole aliposikia mojawapo, akabaki amesimama. Wimbo ukaisha na bado amesimama.

"Mwanangu," alisema, "nina swali."

Dakta Mkunjuo akafumba macho.

"Uliza, bibi," alisema Bi Sikudhani.

"Hao ndege. Ukitaka wengine kama hao, unawatafuta wapi?"

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Bi Sikudhani. Aliwaona wanne wameinua kalamu. Aliuona mlango, na nje ya mlango gari lililokuwa linanguruma bila kuondoka. Angeweza kusema hawapo tena. Ingekuwa imekwisha, angerudi nyumbani kwa mumewe, na wiki ijayo angefundisha kamusi.

"Chumba cha chini," alisema, "yako makasha ya sauti kutoka pande zote za nchi, si ziwani tu. Yako ya milimani, na ya watu waliohamishwa bandarini. Magazeti ya miaka ile yako rafu ya nyuma, migongo imegeuzwa ukutani, lakini ukiyavuta yanasomeka. Hukumu za kesi za mashamba ziko juu yake. Chukueni kalamu, wanangu, nitawaambia kila kitu kinakokaa."

Akawaambia. Alisema bila kupumzika hata kunywa maji, kama mtu anayetoa vyombo kwenye nyumba inayoungua. Ukumbini hapakusikika kitu ila karatasi.

Alipofika mwisho, mmoja wa wale wanne, yule wa mvua za masika, akainua mkono.

"Samahani, mama," alisema. "Hapo kwenye makasha ya milimani. Hebu rudia, sikupata vizuri."

Bi Sikudhani alimtazama. Kalamu ya kijana ilikuwa juu ya karatasi. Haikuonyesha kama ilikuwa inaandika taarifa au inamwandikia yeye mwenyewe, na uso wake haukusema.

Akarudia, polepole, ili kijana apate vizuri.